Sailensa Iko Juu

Ua wa kanisa la Wasabato, pale bondeni karibu na Masimba, uliangushwa na Nyakerario asubuhi ya Sabato, watu wote wakiona. Ungeangushwa na ng'ombe, au na upepo, au hata na mlevi aliyepotea njia, mambo yangeishia hapo. Lakini uliangushwa na nesi mstaafu wa miaka inayokaribia sabini, akiwa ndani ya gari lake jeupe la otomatiki, mbele ya mzee wa kanisa Onyancha aliyekuwa mlangoni akisalimu waumini. Watu wa kwetu wana huruma nyingi, Mungu awabariki, ila huruma yao huja baada ya kucheka.

Na wangejuaje ukweli? Walichokiona ni gari kusimama vizuri, kurudi nyuma kidogo ili likae sawa, halafu kuruka mbele kama ndama aliyefunguliwa kamba. Lilipiga nguzo mbili, likavuta waya, likalala juu ya maua ya akina mama. Hakuumia mtu. Nyakerario alishuka, akaikung'uta sketi yake ambayo haikuwa na vumbi lolote, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mimi sikukanyaga mafuta."

"Ni sawa, mama," mzee Onyancha akamjibu kwa upole. "Uzee haupigi hodi."

Upole ule ndio uliomchoma. Afadhali angefokewa. Kwa miaka mingi mwanamke wa kule mlimani akishikwa na uchungu, hakuna aliyefikiria ambulensi. Walimwita Nyakerario, naye aliwasha gari akashuka na mzazi kiti cha nyuma, mvua isimame isisimame. Watoto kadhaa waliokuwa wakicheka pale uani walikuwa wamezaliwa kwa sababu ya gari lile. Leo anaambiwa ni uzee, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Aliketi kanisani ibada nzima bila kusikia hata mstari mmoja, na kabla ya baraka za mwisho habari ilikuwa imeshafika Nairobi, kwa mwanawe Sylvanus.

Ugonjwa wa gari haukuanza siku hiyo. Miezi kadhaa nyuma lilianza kunguruma hata likiwa limesimama, kama mtu anayegombana peke yake. Nyakerario alimpigia simu Makori, fundi wa Keumbu aliyemtengenezea gari siku zote.

"Hiyo ni sailensa, mama," Makori akamwambia. "Sailensa yako iko juu. Lete gari niangalie."

Sasa hapa ndipo balaa lilipojipenyeza. Kwa mafundi wetu, sailensa ni ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila mtu kukanyaga mafuta. Ikiwa juu, injini inakimbia bure. Kwa watu wengine wote duniani, sailensa ni lile dude la chuma chini ya gari linalomeza kelele za moshi. Nyakerario akamweleza mwanawe kwamba fundi amesema ni sailensa. Sylvanus, mtoto mwema asiyependa mama yake asumbuke, akampigia rafiki yake mwenye karakana ya kuchomelea mjini Kisii, na kabla ya wiki kwisha gari likafungwa sailensa mpya inayong'aa. Likanyamaza kabisa. Injini iliendelea kukimbia vilevile, ila sasa hakuna aliyeisikia. Mgonjwa alizibwa mdomo, watu wakadhani amepona.

Kwa hiyo Sabato ile, Nyakerario alipotia gia ya mbele na kuinua mguu kwenye breki, kama alivyofanya siku zote ili gari litambae lenyewe mpaka mahali pake, hakusikia chochote cha kumwonya. Gari lilitoka kwa nguvu zote za injini iliyokuwa ikikimbia kimyakimya. Alipokanyaga breki tena, ua ulikuwa umeshalala.

Jumapili asubuhi alilipeleka Keumbu. Makori aliposikia habari ya sailensa ya kuchomelea alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akafanya kazi kwa bidii, hilo tumpe. Alisafisha mlango wa hewa wa injini mpaka ukawaka. Alipulizia dawa kwenye mipira yote akitafuta mahali hewa inapoingia kwa wizi. Alibadilisha vali ndogo inayopima hewa ya sailensa, akaweka nyingine aliyoitoa kwa Istarlin, yule mama wa vipuri mjini Kisii. Mwisho akachomeka mashine yake ya kuongea na kompyuta ya gari, akaliacha lingurume pale uani chini ya jua kali, wakanywa chai. Sailensa ikashuka taratibu, ikatulia chini kabisa, injini ikapumua kama mtoto aliyeshiba.

"Gari iko sawa, mama. Mashine inasema hakuna kosa lolote."

"Na lile la jana?"

Makori akajikuna kichwa. "Hata mimi sijui. Pengine mguu uliteleza."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno ya fundi ni kama ya daktari, yakishatoka hayarudi. Sylvanus alipoyasikia kwa simu, hesabu yake ilikuwa rahisi: ikiwa gari ni zima, basi mbovu ni aliyeshika usukani.

Alifika Alhamisi jioni na mkate, sukari na uamuzi. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, na Nyakerario akajua papo hapo kwamba kuna jambo, maana mtoto wa kiume hakumbatii hivyo bure.

"Baba," akasema walipokuwa wakila. Msomaji asishangae, kwa Ekegusii, lugha yetu, mama huitwa baba, na Sylvanus hakuwahi kumwita mama yake jina jingine. "Baba, nimeongea na Okemwa wa Masimba. Atalinunua gari. Kesho adhuhuri nitampelekea."

"Umeuza gari langu?"

"Sijauza. Nimeongea." Akaweka tonge chini. "Ua unaweza kujengwa tena. Kama pale palikuwa na mtoto je? Mimi niko Nairobi, kila simu ikilia kutoka nyumbani moyo unanipasuka. Tafadhali."

Nyakerario hakuweza kumkasirikia, na hilo lilimkasirisha zaidi. Angekuwa na mtoto mchoyo angempigia kelele. Huyu alikuwa na machozi. Lakini aliona vizuri kesho yake ilivyokuwa inafungwa: gari likienda, atakuwa bibi wa kukaa barazani akingoja kutembelewa, na kila atakalolisema, hata akisema mvua inakuja, watu watatazamana kwanza.

"Sikukanyaga mafuta," akasema. "Kesho kaa kando yangu niendeshe, uangalie miguu yangu."

Sylvanus akageuza uso kuelekea mlangoni. Mama mwenyewe akatambua alilolisema, akaona aibu kidogo. Mtoto wa Mgusii, mwanamume mzima mwenye watoto, ainamishe kichwa chini ya usukani achungulie miguu ya mama yake? Hayo ni mambo ya chinsoni, ile heshima inayomzuia mtoto kutazama asichopaswa kutazama kwa mzazi. Makori naye alikuwa rika la Sylvanus, asingeweza. Ndiyo kusema mguu wa Nyakerario haukuwa na shahidi duniani isipokuwa Nyakerario mwenyewe.

"Basi," Nyakerario akasema. "Tutaangalia yako."

"Yangu?"

"Si wewe utakayempelekea Okemwa? Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma. Ukifika chini gari likikaa kwa adabu, nitakukabidhi na kitabu chake cha umiliki, na sitasema neno tena."

Sylvanus alikubali upesi mno, kama mtu aliyeogopa vita akapewa uji.

Asubuhi ya Ijumaa ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya chai mpaka huoni kibanda cha jirani, na manyunyu yalikuwa hayakati. Nyakerario alivaa sweta mbili, akampigia Makori.

"Njoo kwangu sasa hivi. Na mashine yako."

"Mama, si nilikuambia gari iko sawa?"

"Kwako iko sawa. Makori, sikiliza. Nikiwa kazini nilikuwa naletewa watoto waliowaka homa nyumbani, wakifika kwangu wamepoa, wanacheka. Nesi mjinga humwambia mama mtu, mtoto wako hana kitu. Mwenye akili humuuliza, homa inampanda wapi na saa ngapi? Hili gari hata siku moja halijanisumbua kwako juani. Halijanisumbua nikipanda mlima. Linanisumbua nikishafika chini, na asubuhi za namna hii. Ugonjwa uko huku, wewe unaungojea Keumbu. Njoo."

Kisha fundi akasema, "Nakuja," na sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu aliyepewa kitendawili kizuri.

Wakashuka watatu. Sylvanus kwenye usukani, Makori kando yake na mashine mapajani, Nyakerario nyuma akiwa amekunja mikono kama hakimu. Ile barabara ya kutoka kwake inateremka kwa muda mrefu, kona baada ya kona, na dereva mzuri haweki mguu kwenye mafuta hata mara moja. Anaachia gari lishuke kwa gia ya chini, breki kidogo hapa na pale. Upepo wa baridi ulikuwa ukiingia moja kwa moja kwenye rejeta inayopoza maji ya injini.

"Soma," Nyakerario akaamuru.

"Joto la maji ni sabini," Makori akasema. Kona mbili baadaye, "Sitini." Akainamia mashine. "Hamsini na nne. Ati nini?"

"Nini?"

"Inashuka, mama. Tunaendesha gari na injini inapoa."

"Na sailensa?"

"Sailensa..." Makori akaangalia, akafuta kioo cha mashine kwa mkono wa shati kana kwamba kosa ni la kioo. "Sailensa inapanda. Hii ikishuka, ile inapanda."

Nyakerario alisogea mbele mpaka kidevu kikafika kati ya viti viwili. Kwenye dashibodi, sindano ya joto ilikuwa imelala chini kabisa, mahali ilipokuwa ikilala siku zote. Mara ngapi Makori alikuwa amemsifia sindano ile! Gari lako halichemki tena, mama, wewe endesha tu. Na yeye, mtu aliyeshika vipimajoto maisha yake yote, alikuwa ameikubali sifa ile bila kufikiri.

"Pita hapo kwenye uwanja wa makambi," akamwambia mwanawe.

Ulikuwa uwanja tambarare wa nyasi fupi, mtupu kabisa siku hiyo, ambapo Wasabato hukusanyika mara moja kwa mwaka. Sylvanus akaingia katikati, akasimama.

"Sasa toa miguu. Yote miwili. Ivute nyuma mpaka chini ya kiti."

"Baba..."

"Vuta miguu, Sylvanus."

Akaivuta. Gari likaruka. Wala halikutambaa, liliondoka kwa kishindo, likashika mbio za mtu anayekimbiza kuku, likaongeza, nyasi zikipita pembeni. Sylvanus alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yamemtoka, akitazama magoti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Makori akaangalia miguu ya Sylvanus, iliyokunjwa chini ya kiti, akaangalia mashine, akapiga kelele, "Elfu mbili! Mizunguko karibu elfu mbili na hakuna mtu amekanyaga!"

"Breki," Nyakerario akasema kwa utulivu mkubwa.

Gari likasimama. Manyunyu yakasikika juu ya paa. Sylvanus akageuka nyuma, uso wake ukiwa wa mtoto wa darasa la pili.

"Baba," akasema. "Hukukanyaga."

"Nilisema."

"Ulisema. Mimi sikusikia."

Nyakerario alitaka kusema jambo la hekima, kama inavyompasa mtu mzima, lakini akaliacha. Akafungua mlango, akatoka kwenye manyunyu, akapiga kigelegele kimoja kirefu peke yake katikati ya uwanja. Kisha akacheka, akalia kidogo, akarudi akainama dirishani kwa Makori.

"Haya, fundi. Mtoto mchanga akiwa wa moto, tunasema ni mgonjwa. Akiwa wa baridi je?"

"Ni... mgonjwa pia?"

"Ni mgonjwa zaidi. Huyu wako ni wa baridi. Kwa nini hapati joto?"

Makori alikuwa ameshatoka na spana mkononi, amefungua boneti. Fundi yeyote atakuambia, injini iliyotoka barabarani hufungui njia ya maji hapohapo, utaungua mpaka ukumbuke ubatizo wako. Makori aliifungua ile kwa mikono mitupu. Alilegeza nati mbili, akatoa kifuniko kidogo mahali mpira wa rejeta unapoingilia, akachungulia, akaingiza kidole. Kidole kiliingia chote bila kukutana na kitu.

Akabaki ameinama hivyo, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mama," akasema hatimaye, kwa boneti badala ya kwa mtu. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hapa huwa kuna themostati. Ni kama mlango. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji hayaendi kwa rejeta mpaka yapate joto. Unakumbuka ile siku gari ilichemka kwa mlima wa Keroka? Nilitoa hiyo kitu. Nikatupa." Akainuka, akajifuta mikono mahali pasipo na uchafu. "Sasa maji yanapoa saa zote. Kompyuta inaona baridi, inadhani ndio gari imewashwa asubuhi, inaongeza sailensa ndiyo injini ipate joto. Haina kosa. Inafanya kazi yake. Ndiyo maana mashine haikuonyesha kitu. Na kwangu juani, ikisimama bila upepo, inapata joto yenyewe, sailensa inashuka."

"Kwa nini uliitoa?"

"Sisi wote tunatoa, mama. Hiyo kitu waliwekea nchi za baridi."

Nyakerario alimtazama. Alitazama ukungu uliokuwa umemeza mlima wote nyuma yao. Aliangalia sweta zake mbili, ya juu na ya chini.

"Na huku kwetu ni wapi, Makori?"

Sylvanus ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiegemea gari, akashindwa kusimama, na Makori naye, masikini, akashikwa, na hatimaye wote watatu walikuwa wakicheka mvuani mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha ndizi akaharakisha mwendo. Simu ya Sylvanus ikalia. Alikuwa Okemwa, akiuliza gari limefika wapi.

"Gari lina mwenyewe," Sylvanus akamjibu, akiwa bado anahema. "Mwenyewe hauzi."

Ilikuwa furaha, lakini ilikuwa furaha ya Ijumaa. Jua likitua Sabato inaingia, na kwa Nyakerario spana haiguswi tena mpaka Jumamosi jioni. Naye alikuwa ameshaapa kimoyomoyo kwamba kesho asubuhi atashuka kanisani kwa gari lile, mbele ya macho yaleyale. Wakalirudisha gari nyumbani, na Makori akakimbilia Kisii kwa pikipiki.

Istarlin wa vipuri alipoulizwa themostati alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua ya mwaka jana. Aliinama chini ya meza, akavuta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vidude vya shaba vilivyokaa miaka.

"Wallahi wewe ni wa kwanza," akasema. "Mafundi wanazitoa, wananiletea. Hakuna hata mmoja amekuja kurudisha. Chagua, lakini zijaribu kwanza, zingine zimekufa."

Makori akachagua tatu za kutosha gari lile, akanunua pia mfuniko mpya wa rejeta, maana ule wa zamani ulikuwa umelegea na ndio uliolichemsha gari siku ile ya Keroka. Themostati haikuwa na hatia tangu mwanzo. Ilifukuzwa kazi kwa kosa la jirani.

Jikoni kwa Nyakerario sufuria ilikuwa inachemka. Alizamisha vile vidude vitatu kwa kijiko kirefu, kama alivyokuwa akichemsha sindano zamani, na wote watatu wakainamia mvuke. Cha kwanza hakikujibu. Cha pili kilifunguka nusu, kikakwama. Cha tatu kilikaa, kikakaa, halafu katikati yake pakafumbuka taratibu, pakaachia mwanya safi. Wakakitoa, kikapoa, kikajifunga.

"Huyu anapumua," Nyakerario akasema.

Makori alifunga nati ya mwisho wakati jua lilikuwa limeshagusa mlima wa pili. Akamwaga maji, akatoa hewa, akawasha. Sindano iliinuka, ikainuka, ikafika katikati, ikakaa hapo. Sailensa ikatulia. Lakini kutulia nyumbani hakumaanishi kitu, wote walijua, na muda wa kulishusha bondeni haukuwepo tena. Nyakerario alinawa mikono, akafungua Biblia, na Sabato ikaingia.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu yaleyale. Sylvanus alijitolea kuendesha. Mama yake alimtazama tu, naye akaenda upande wa abiria. Nyuma walipanda akina mama watatu wa jirani, wawili wakiomba kwa sauti. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sylvanus hakuangalia barabara hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye sindano, na sindano haikushuka hata unywele. Upepo ulivuma, mvua ikapiga rejeta, sindano ikakaa katikati kama mzee mwenye kiti chake.

Kanisani walikuwa wamewaona wakija. Akina mama walivuta watoto wao nyuma ya ukuta. Shemasi mmoja alihamisha baiskeli yake. Mzee Onyancha, kwa heshima zote, alipanda ngazi mbili. Nyakerario aliingia langoni, akasimama palepale aliposimama wiki iliyopita. Angeweza kuegesha nje; hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi nyuma kidogo ili gari likae sawa. Akatia gia ya mbele. Kwa mara ya kwanza juma lote aliogopa. Akainua mguu.

Gari likatambaa. Lilitambaa pole, kwa adabu, kama shemasi anayebeba sahani ya sadaka, likafika karibu na nguzo zilizolala chini, likasimama alipogusa breki. Kisha mmoja wa wale akina mama wa nyuma akatoa kichwa dirishani na kupiga kigelegele, na kanisa zima likalipuka kwa shangwe. Watu walikuja kulizunguka gari kana kwamba lina bwana harusi. Mzee Onyancha alishuka ngazi zake, akamshika Nyakerario mikono yote miwili, akajaribu kutafuta neno la upole, akalikosa.

Makori hakuwa Msabato; kwao ni Wakatoliki wa zamani. Lakini alikuwa amesimama pale langoni na shati safi, amekuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Alikohoa mara mbili.

"Wazee wangu na mama zangu," akasema, "huu ua niliuangusha mimi, nikiwa Keumbu."

Wakamcheka, wakamtaka aeleze, akaeleza yote, mlango wa maji, baridi, kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi yake, na sailensa ambayo haikuwa sailensa. Wanaume wenye magari walianza kutazamana. Watatu walimuuliza kwa sauti ya chini kama na wao aliwatolea. Aliwatolea. Akaahidi kurudi Jumapili kusimamisha ua, na alirudi, ingawa ukweli lazima usemwe, nguzo moja aliiweka kombo.

Jumapili hiyohiyo alfajiri Sylvanus alikuwa anarudi Nairobi. Jirani mwenye pikipiki alikuwa amekuja kumchukua mpaka stendi ya Masimba, kama alivyoagizwa tangu Alhamisi. Sylvanus alimshukuru, akamrudisha.

"Baba," akasema akiwa na begi begani, "nipeleke."

Nyakerario alivaa sweta zake. Alimwambia amsalimie mkewe, amwambie watoto waletwe likizo ya Agosti; Sylvanus akajibu ndiyo, ndiyo. Gari likaanza kuteremka kwenye ukungu. Alipofika kona ya kwanza alimwuliza kama amebeba zile ndizi alizomfungia, hakujibiwa. Akatupa jicho. Mwanawe, ambaye kwa juma zima hakuwa amelala usiku kwa kumwogopea, alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi, amelala usingizi mzito. Nyakerario akapunguza mwendo kidogo kwenye mashimo, ili asimwamshe.